Istilahi za Dhihaka ya Kijinsia Katika Mtandao

1. Utangulizi

Kwa muda sasa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali wamekuwa wakikutana na maandishi ya mambo ya intaneti ambayo istilahi zake hazijapata msimamo. Miongoni mwa hayo ni maandishi yanayoeleza jinsi wanaume na wanawake wanavyochorwa katika picha za mzaha zinazosambazwa na watu wasiotaja majina yao. Mwalimu huletewa mwongozo wa kuwalinda wanafunzi. Mtafsiri wa mahakama hupewa maelezo ya shahidi. Afisa wa ustawi wa jamii hupokea ripoti ya Kiingereza naye hutakiwa aitoe kwa Kiswahili kabla ya kikao cha kesho. Kila mmoja hujichagulia neno lake, na matokeo yake ni kwamba jambo moja lina majina matano, na jina moja hubebeshwa mambo matano.

Yafaa ieleweke mapema kwamba suala hili si la urembo wa lugha. Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kumpelekea mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki ya moyo. Kenya ilitunga sheria yake yenye makusudio ya namna hiyo mwaka 2018. Basi mtafsiri akiandika kwamba mlalamikaji “alitaniwa”, amekwisha kumpunguzia haki yake kabla hakimu hajafungua jalada.

Makala haya yana nia ya kueleza maana ya istilahi chache zinazohusika, asili yake, na maneno ya Kiswahili yanayoweza kuzibeba. Tunayoyatoa ni mapendekezo ya kujadiliwa.

2. Meme

Neno hili lilibuniwa na Richard Dawkins, mtaalamu wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika kitabu chake The Selfish Gene cha mwaka 1976. Alitaka jina la kitu kinachopita kutoka akilini mwa mtu mmoja hadi mwa mwingine kwa njia ya kuigwa, kama vile wimbo, msemo au mtindo wa mavazi. Alianzia kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kilichoigwa, akalifupisha ili lifanane kwa sauti na neno la Kiingereza la jeni. Wakati huo hapakuwa na picha za mzaha za intaneti. Maana tuliyo nayo leo ilikuja baadaye: picha, video fupi au sentensi ambayo kila anayeipokea anaweza kuibadilisha kidogo na kuisambaza tena, huku sura yake ya asili ikiendelea kutambulika.

Limor Shifman, mtaalamu wa mawasiliano, alieleza katika kitabu chake cha miaka ya 2010 kwamba meme si kitu kimoja bali ni kundi la vitu vinavyofanana kwa maudhui, kwa umbo na kwa msimamo, vilivyotungwa na watu wanaojua kuwapo kwa vingine. Maelezo haya yana faida kubwa kwa mtafsiri. Picha moja ya kuchekesha, isiyozaa nyingine, si meme. Ni kichekesho tu.

Je, tuliite nini jambo hili? Wapo wanaotumia “katuni”, lakini katuni huwa na mchoraji, na aghalabu jina lake huonekana. Wapo wanaotumia “kichekesho”, lakini meme nyingine hazichekeshi. Neno “kiigizo” lingefaa kwa asili yake, ila limekwisha kuzoeleka kwa maana ya mfano mwema wa kufuatwa. Kumwita kiigizo mtu anayedhihakiwa kungekuwa kinyume cha mambo. Tunaonelea neno “meme” likubaliwe lilivyo, kwa kuwa silabi zake ni za Kiswahili na linatamkika bila taabu. Liwekwe katika ngeli ya I-ZI: meme hii imesambaa, meme hizi zimesambaa. Pale ambapo maandishi yanaeleza maana ya asili, neno “kiigo”, kutokana na kitenzi “iga”, laweza kutumika kama ufafanuzi.

3. Fikra mgando

Istilahi ya pili inatusumbua zaidi. Kiingereza na Kifaransa zina neno moja linalotumika kwa picha iliyokwisha kujengeka akilini kuhusu watu wa aina fulani, kabla mtu hajawaona wala kuwasikiliza. Neno hilo lilitoka katika karakana za wapiga chapa. Mwishoni mwa karne ya 18 Firmin Didot, mpiga chapa wa Ufaransa, alitumia bamba zima la chuma badala ya herufi moja moja. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa katika kalibu ya ukurasa mzima, ikaganda, na bamba lililopatikana likaweza kupiga chapa maelfu ya nakala zisizotofautiana hata nukta. Mwaka 1922 mwandishi wa Marekani, Walter Lippmann, alilichukua neno hilo katika kitabu chake Public Opinion na kulitumia kwa picha tunazobeba vichwani kuhusu watu wengine.

Kwa Kiswahili wengi huandika “dhana potofu”. Tafsiri hii ina kasoro mbili. Kwanza, inahukumu ukweli wa dhana, hali ubaya wa jambo hili hauko katika uwongo peke yake. Wako wanawake wanaopenda kupika na wako wanaume wasiolia msibani. Ubaya ni kumhesabu mtu kuwa hivyo kabla hajafungua kinywa, na kumwona ana kasoro akiwa vingine. Pili, neno “potofu” huacha nje dhana zinazosifu. Kusema kwamba mwanamke kwa maumbile yake ni mvumilivu ni sifa, lakini ni sifa inayomfungia mlango yule anayetaka kulalamika.

Neno “kasumba” nalo limewahi kupendekezwa. Hilo lina historia yake katika kueleza fikra zilizopandikizwa na ukoloni, na ni heri libaki huko.

Tunaunga mkono “fikra mgando”, ambayo imekwisha kuanza kutumika. Mgando ni hali ya kitu kilichokuwa majimaji kikashikamana, kama maziwa. Kwa bahati njema neno hili linakwenda sambamba na asili ya istilahi yenyewe, yaani risasi iliyomiminwa ikaganda. Kwa mambo ya wanaume na wanawake tuseme “fikra mgando za kijinsia”. Tukumbushe hapa kwamba waandishi wengi siku hizi hutenga “jinsi”, yaani tofauti ya maumbile, na “jinsia”, yaani majukumu na tabia ambazo jamii humpangia mtu kwa sababu ya jinsi yake. Utengano huu una manufaa na yafaa udumishwe, kwa kuwa fikra mgando tunazozijadili ni za upande wa jinsia.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2015 mpiga picha wa Hispania alipiga picha ya kuuzwa kwa watangazaji: kijana anatembea na mpenzi wake, lakini amegeuza shingo kumtazama msichana mwingine aliyevaa nguo nyekundu, na mpenzi wake anamkodolea macho kwa mshangao. Mwaka 2017 picha hiyo iligeuka meme ya dunia nzima. Watu waliwaandikia watu wale watatu majina ya mambo mengine kabisa: kijana akawa mwanafunzi, mpenzi akawa mtihani, na msichana mwekundu akawa usingizi. Mwaka 2018 kampuni moja ya intaneti ya Uswidi iliitumia kutafuta wafanyakazi: msichana mwekundu aliandikiwa jina la kampuni, na mpenzi aliyeachwa aliandikiwa kazi ya sasa ya msomaji. Chombo kinachosimamia maadili ya matangazo nchini humo kiliamua kwamba tangazo hilo linawabagua watu kwa misingi ya jinsia, kwa kuwa linawaonyesha wanawake kuwa vitu vya kubadilishana, na pia linamwonyesha mwanamume kuwa mtu anayewatazama wanawake kwa namna hiyo.

Wapo waliocheka uamuzi huo wakisema ni mzaha tu. Kwa mtafsiri, hata hivyo, uamuzi ule una somo. Mzaha wa mtihani na usingizi haukuhusu wanawake, lakini haukuweza kueleweka bila fikra kwamba mwanamume hutamani na mwanamke hutamaniwa. Fikra ile ndiyo bamba. Maneno yaliyoandikwa juu yake ni wino tu, nao hubadilishwa kila siku.

4. Watu wasiojitaja

Meme nyingi za Kiingereza zilizaliwa au kukuzwa katika mabaraza ambamo mwandishi hatakiwi kutaja jina. Mfano wake ulianzia Japani, ambako baraza la 2channel lilifunguliwa mwaka 1999, na asiyeandika jina alipewa jina la Kijapani lenye maana ya “Bwana Asiye na Jina”. Tarehe 1 Oktoba 2003 Christopher Poole, kijana wa miaka 15 wa New York, alifungua baraza la picha liitwalo 4chan kwa kufuata baraza jingine la Kijapani. Watafiti waliochunguza sehemu yake mashuhuri na kutoa matokeo mwaka 2011 waliona kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maandishi hayakuwa na jina lolote, na kwamba nusu ya mijadala ilifutika kabla ya kutimiza dakika 4.

Hali hizi mbili, kukosa jina na kufutika upesi, zinaeleza kwa nini fikra mgando hustawi humo. Mahali penye majina, mtu hujulikana kwa aliyoyasema jana. Pasipo na majina wala kumbukumbu, njia pekee ya kuonyesha kwamba wewe ni mwenyeji ni kurudia picha na misemo ambayo wenyeji wanaijua. Meme inakuwa ndiyo kitambulisho. Anayeibadilisha sana hatambuliwi, na anayeipinga huonekana mgeni. Hivyo ndivyo picha ya mwanamke anayeamriwa arudi jikoni inavyoweza kurudiwa mara elfu na watu ambao pengine, kila mmoja peke yake, wasingeitetea.

Katika mabaraza hayo ulienea msemo kwamba mtandaoni hakuna wanawake. Maana yake haikuwa kwamba hawapo. Maana yake ni kwamba kila asiyejitaja alihesabiwa kuwa mwanamume, na mwanamke aliyejidhihirisha aliambiwa anatafuta upendeleo. Aghalabu aliamriwa atoe picha ya mwili wake au aondoke. Kutojitaja kunakosemekana kuwafanya watu wote kuwa sawa kuligeuka kuwa usawa wa sharti moja: kila mtu awe mwanamume au anyamaze.

Kwa istilahi, tunapendekeza “asiyejitaja” kwa mtu na “kutojitaja” kwa hali. Wengine huandika “asiyejulikana”, lakini maneno haya si mamoja. Asiyejulikana ni yule ambaye sisi hatumfahamu. Asiyejitaja amechagua kutotoa jina, na huenda mwenye mtambo au polisi wanamfahamu vyema. Katika maandishi ya kisheria tofauti hii ni kubwa. Kadhalika asiyejitaja atengwe na “mwenye jina la kubuni”. Huyu wa pili ana jina, ingawa si lake, na jina hilo hujipatia heshima au aibu kadiri siku zinavyopita.

5. Utani, kijembe na uchokozi

Hapa ndipo makosa ya tafsiri yanapoumiza zaidi. Mtu anayeandika maneno ya kuudhi mtandaoni ili afurahie hasira ya wengine ana jina lake kwa Kiingereza, nalo huhusishwa na uvuvi wa kuburuta chambo. Tumeona likitafsiriwa “mtani”. Tafsiri hii haifai hata kidogo.

Utani ni taasisi yenye masharti. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kuambiana maneno makali kwa sababu kila mmoja anamjua mwenzake, kila mmoja ana haki ya kujibu, na siku ya msiba mtani huyo huyo huja kusaidia. Dhihaka yake ina deni la wema nyuma yake. Asiyejitaja hana uso wa kurudishiwa neno, wala hatakuja mazikoni. Kumwita mtani ni kumkopesha heshima asiyoistahili.

Wengine huchagua “kijembe”. Neno hili liko karibu zaidi, kwa kuwa kijembe hurushwa bila kumtaja mlengwa. Katika pwani yetu wanawake wamekuwa stadi wa sanaa hii kwa maandishi ya kanga na kwa mashairi ya taarabu. Lakini tuangalie tofauti. Katika kijembe anayefichwa ni mlengwa. Mrushaji anaonekana, kanga iko mwilini mwake, na jirani anaweza kununua yake akamjibu. Mtandaoni mambo yamepinduliwa: mlengwa anatajwa kwa jina, picha na hata anwani ya nyumba yake, na anayefichwa ni mrushaji.

Kwa hiyo tunapendekeza “mchokozi wa mtandaoni” na “uchokozi wa mtandaoni” kwa jambo la jumla. Uchokozi unapomwandama mtu mmoja kwa kurudiwa-rudiwa, au na watu wengi kwa pamoja, uitwe “unyanyasaji wa mtandaoni”; na unapokuwa na ahadi ya kumdhuru, uitwe “vitisho”. Maneno haya matatu ni ngazi tatu, na mtafsiri asiruke ngazi kwa kutaka kupendezesha sentensi.

6. Majina ya wahusika

Meme zina wahusika wake wa kudumu. Chad ni mwanamume mwenye taya pana na kifua kilichotuna, ambaye kila jambo humwendea vizuri. Stacy ni mwanamke mzuri anayemchagua Chad peke yake. Mwaka 2017 ilienea meme iliyomweka Chad kando ya kijana mnyonge, aliyeinamisha kichwa, ambaye hajawahi kulala na mwanamke. Majina kama haya yasitafsiriwe. Kumwita Chad “Juma” ni kumtafutia kijana wa Tandale kesi isiyo yake. Libakizwe jina na yaongezwe maelezo mafupi mara ya kwanza linapotokea.

Neno la Kiingereza la yule kijana mnyonge nalo lisitafsiriwe “bikira” bila kufikiri. Kwa Kiswahili neno hilo huelekea zaidi kwa mwanamke, nalo ni sifa. Katika meme ile ni tusi kwa mwanamume. Tazama namna fikra mgando zinavyofanya kazi pande zote mbili: hali ile ile inayosifiwa kwa mmoja inakuwa aibu kwa mwingine. Iandikwe tu “kijana asiyewahi kukutana na mwanamke kimwili”.

Neno zito kuliko yote ni lile la wanaojiita waseja wasio kwa hiari yao. Lilianzishwa mwaka 1997 na mwanamke mmoja wa Kanada kwa ajili ya watu wapweke, wanaume kwa wanawake, wapate mahali pa kufarijiana. Baadaye lilichukuliwa na wanaume waliowatupia wanawake lawama za upweke wao, na mabaraza yao yakajaa chuki. Tarehe 23 Aprili 2018, mjini Toronto, mtu mmoja aliendesha gari juu ya wapita njia na kuua watu 10, wengi wao wanawake. Majeruhi mmoja alifariki mwaka 2021. Kabla ya kitendo hicho alikuwa ameandika maneno ya kusifu uasi wa kundi hilo. Jaji aliyemtia hatiani alieleza kwamba mtu huyo alitafuta umaarufu. Iwe ni imani au ni kutafuta sifa, kulikuwa tayari na jina la kujinasibisha nalo, na meme za kulipamba.

Tunapendekeza “mseja asiyeridhia”. “Kapera” halitoshi, kwa kuwa kapera anaweza kuwa na furaha zake. Wala “mtawa” halifai, kwa kuwa mtawa ameweka nadhiri. Mtafsiri akumbuke tu kwamba kwa wengi mseja ni mwanamume; anapoeleza kundi la mwaka 1997 aandike “waseja wa kike na wa kiume”.

7. Mitego ya Kiswahili chenyewe

Isidhaniwe kwamba fikra mgando ni bidhaa ya kuagizwa kutoka nje. Kiswahili kina neema moja kubwa: viambishi na viwakilishi vyake havibagui. “Anaandika” ni yeyote. Katika kutafsiri maandishi ya wasiojitaja, mfasiri asiongeze “bwana huyu” pale ambapo Kiingereza kilitumia kiwakilishi cha kiume kwa mazoea tu. Akifanya hivyo ameukubali ule msemo kwamba mtandaoni hakuna wanawake.

Lakini mahali pengine lugha yetu inabagua pasipo Kiingereza kubagua. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi kimoja, mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Sentensi ya Kiingereza inayosema tu kwamba hajapata ndoa hutulazimisha kuchagua. Panapowezekana tutumie “kuoana”, “kufunga ndoa” au “mwenye ndoa”. Vivyo hivyo “dume” na “jike”, yote ni maneno ya wanyama. Ila mwanamume akiitwa dume hujisikia ameenziwa, na mwanamke akiitwa jike hujua ametukanwa. Na methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia, ilikuwa ikirudiwa kutoka kinywa hadi kinywa kabla ya Dawkins kuzaliwa. Hiyo nayo ni kiigo. Tofauti ni kwamba methali husemwa na mtu mbele ya watu, naye aweza kujibiwa kwa methali nyingine papo hapo.

8. Hitimisho

Kwa muhtasari, tunayaweka mapendekezo yetu kama ifuatavyo:

Meme (I-ZI): picha, video au msemo unaoigwa, kubadilishwa kidogo na kusambazwa tena.
Fikra mgando za kijinsia: picha iliyokwisha kuganda akilini kuhusu tabia na majukumu ya wanaume au wanawake.
Asiyejitaja, kutojitaja: mtu aliyechagua kutotoa jina, hali hiyo.
Mchokozi wa mtandaoni: anayeandika ili kuudhi na kufurahia hasira ya wengine.
Unyanyasaji wa mtandaoni: uchokozi unaomwandama mtu mmoja.
Vitisho: ahadi ya kumdhuru mtu.
Mseja asiyeridhia: asiye na mwenzi ambaye hakuichagua hali hiyo, pia mfuasi wa kundi lenye jina hilo.

Tunatambua kwamba watumiaji wa lugha ndio wenye neno la mwisho. Mwalimu wa Tanga au karani wa Kisumu huenda ana neno bora zaidi, nasi tunamwomba atuletee, pamoja na sentensi aliyolisikia ndani yake. Hadi hapo, tunawasihi wenzetu jambo moja: anapokuja binti na simu mkononi kueleza yaliyomfika, neno tutakaloliandika katika fomu liwe lile linalolingana na alilotendewa.